Treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi: tathmini ya msafiri wa Pemba

Anayetaka kufika Zambia kwa haraka asipande treni ya TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia. Natanguliza neno hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za safari hii, hapa Pemba na hata Unguja, huanza kwa kutaka kujua itachukua muda gani, na jibu la swali hilo peke yake linaweza kumkatisha tamaa mtu ambaye angefaidika sana na safari yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, na treni ya haraka, ratiba yake ikifuatwa barabara, hutumia kiasi cha saa 46, yaani wastani wa kilomita 40 kwa saa. Basi litakutangulia, na ndege ndiyo usiseme. Hata hivyo, sijaona chombo kingine cha abiria katika nchi yetu kinachomkaribisha mtu wa visiwani katika milima ya bara kwa utulivu kama treni hii, na tathmini yangu nzima imesimama juu ya jambo moja: thamani ya nauli yako itategemea zaidi saa utakayofika Mlimba, stesheni ambako reli huanza kupanda mlima, kuliko daraja utakalokata.

Kwa mtu wa Pemba safari huanza mbali na reli. Kuna boti ya kutoka Mkoani hadi Unguja, kisha boti nyingine ya kutoka Malindi hadi Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi kwa zile za kasi, na baada ya kushuka kuna foleni za magari ambazo hazijali kwamba una tiketi mkononi. Namshauri kila anayetoka visiwani alale Dar es Salaam usiku mmoja kabla ya kuondoka. Stesheni ya TAZARA iko kando ya Barabara ya Nyerere, njia ya kwendea uwanja wa ndege, na haina uhusiano na ile ya katikati ya mji inakoanzia treni ya umeme. Nalisisitiza hili kwa kuwa tangu treni hiyo, ya reli mpya ya SGR, ianze kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, ndugu zetu wengi wameizoea, na ukimwambia dereva akupeleke stesheni bila ya kutaja jina, huenda akakupeleka huko. Dar es Salaam sasa ina reli tatu ambazo treni ya moja haiwezi kupita juu ya nyingine, kwa sababu nafasi baina ya vyuma inatofautiana: reli ya kati ya zamani ina milimita 1,000, SGR ina milimita 1,435, na TAZARA ina milimita 1,067, kipimo kile kile cha reli za Zambia na za nchi zilizo kusini yake. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa bahati nasibu, maana reli hii ilijengwa kwa ajili ya kuiunganisha Zambia na bahari.

Nimesomesha jiografia katika skuli zetu kwa muda mrefu, na kila nilipofika kwenye somo la usafirishaji niliwaeleza wanafunzi kisa cha reli hii, kwa hiyo siwezi kuitathmini treni nikakinyamazia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, nchi isiyo na pwani, ikabaki na shaba ambayo njia yake kuu ya kutokea ilipita mikononi mwa watu hao. Rais Kenneth Kaunda na Mwalimu Julius Nyerere walitafuta fedha za reli mpya katika nchi za magharibi na kwenye Benki ya Dunia, wakaambiwa kwamba reli hiyo haitalipa. China ndiyo iliyokubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwezi wa Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Zaidi ya wataalamu na wafanyakazi 60 wa Kichina walipoteza maisha katika kazi hiyo, na yako makaburi yao pembezoni mwa Dar es Salaam. Msomaji wa visiwani ana sababu ya ziada ya kulijua hili, kwani Abdulrahman Mohamed Babu, mwana wa visiwa hivi aliyekuwa waziri katika Serikali ya Muungano, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kulizungumza suala la reli na viongozi wa China. Uhusiano uliotuletea madaktari wa Kichina Unguja na Pemba tangu miaka ya 1960 ndio huo huo uliotoboa milima ya Udzungwa.

Sasa nije kwenye treni yenyewe. Zimekuwapo treni mbili za abiria zinazovuka mpaka: Mukuba, ambayo ni ya haraka na husimama stesheni chache, na Kilimanjaro, ambayo ni ya kawaida na husimama karibu kila kijiji. Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne na daraja la pili lina vyumba vya vitanda sita; baada ya hapo kuna mabehewa ya viti, vile vipana vya kuegemea na vile vya daraja la tatu. Utaratibu wa vyumba vya kulala ni kuwatenga wanaume na wanawake, isipokuwa watu waliokata chumba kizima kwa pamoja. Sisi tulikuwa mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, tukakata chumba kizima cha daraja la kwanza, na ningemshauri kila mwenye familia afanye hivyo, hata kama wako watatu na itawalazimu kulipia kitanda kitakachobaki kitupu. Mwanamke wa kwetu aliyelelewa katika stara hupata mahali pa kuvua buibui lake, kulala na kuwahudumia watoto mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, jambo ambalo hakuna basi linaloweza kumpa. Mwanamke anayesafiri peke yake naye hapungukiwi, kwa sababu atakaolala nao chumbani ni wanawake watupu.

Godoro si nene, lakini ni pana kiasi cha kumtosha mtu mzima, na shuka na blanketi hutolewa. Dirisha la chumba hufunguka, na hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko godoro. Katika mabasi ya siku hizi na katika treni ya umeme mtu huitazama nchi kupitia kioo kilichofungwa. Hapa unapata harufu ya udongo uliolowa, moshi wa kuni za vijijini na baridi ya mlima ikiingia polepole. Daraja la pili lingewafaa vijana wanaosafiri kwa kundi, kwa kuwa dirisha ni lile lile na nauli ni ndogo. Daraja la tatu nisingempeleka mzee wala mtoto kwa safari ya mpaka Zambia, ingawa kwa anayeshukia Ifakara au Mlimba halina ubaya.

Treni huiacha Dar es Salaam kupitia vilima vya Pugu, na saa chache baadaye huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, eneo ambalo mpaka mwaka 2019 lilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Ikiwa treni imeondoka mchana kwa wakati wake, sehemu hii hupitwa kabla ya jua kuzama, na ni lazima mtu akae dirishani bila ya kuzungumza sana. Tuliona twiga, pundamilia, swala na ngiri, na tembo wakiwa mbali chini ya miti. Watoto wangu wamekulia katika kisiwa ambacho mnyama wake mashuhuri ni popo, na wanyama wakubwa walikuwa wamewaona katika vitabu na televisheni tu. Kuwaona wakiinua vichwa kuitazama treni, bila ya kulipia gari la utalii wala kiingilio cha hifadhi, kulinifanya nione kwamba sehemu kubwa ya nauli imekwisharudi kabla ya chakula cha usiku.

Baada ya Kisaki reli hulifuata bonde la Kilombero, na milima ya Udzungwa husimama upande wa mkono wa kulia kama unaelekea Zambia. Hapa ndipo penye mashamba makubwa ya miwa, kisha Ifakara na mpunga wake. Sisi watu wa visiwani tunakula mchele wa bara kila siku na kubishana sokoni upi ni wa Mbeya na upi si wa Mbeya, lakini ni wachache waliowahi kuyaona majaruba yenyewe. Kwa treni mtu anapitia nchi za mpunga mara mbili: bonde la Kilombero kabla ya mlima, na tambarare za Usangu baada yake.

Kisha hufika Mlimba, na baada ya Mlimba huanza kile ambacho kwa ajili yake naandika haya yote. Kutoka Mlimba hadi Makambako ni kiasi cha kilomita 158, na katika kipande hicho reli hupanda kutoka bonde lililo mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari hadi kwenye nyanda zinazozidi mita 1,600. Mahandaki ya reli nzima ni 22, na 18 kati yao yako hapa. Treni nzito haiwezi kupanda mwinuko mkali kama inavyoweza gari, kwa hiyo wajenzi walilazimika kuizungusha reli kwenye ubavu wa kila mlima kama kilemba kinavyozunguka kichwa, na pale ambapo hapakuwa na ubavu wa kuzungukia walitoboa mwamba au walisimamisha daraja. Ukikaa katika behewa la nyuma utaviona vichwa vya treni vikikunja kona mbele yako, vikiwa vimeelekea karibu kule unakotoka. Daraja la Mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za zege zenye urefu wa kiasi cha mita 50, na treni hulivuka taratibu, hivyo mtu anapata muda wa kutazama chini mpaka moyo ushituke. Handaki la tatu la Irangi, lenye urefu wa nusu kilomita hivi, ni mojawapo ya kazi zilizowasumbua sana wahandisi. Ndani yake giza ni kamili, sauti ya magurudumu hurudi kutoka kila upande, na unapotoka unajikuta katika bonde jingine kabisa lenye rangi nyingine ya kijani.

Tulijaaliwa kuupanda mlima kukiwa na mwanga. Mzee mmoja aliyepanda Ifakara, ambaye alisema ameipanda njia hii tangu ujana wake, alikuwa amesimama ukumbini nje ya chumba chetu, na watoto wakamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmetokea wapi?"

"Pemba."

"Pemba! Basi njooni hapa dirishani, na asilale mtu. Mbele yenu kuna mahandaki 18, myahesabu wenyewe, msimwulize baba."

Waliyahesabu kwa sauti, na mzee akawa anawaonyesha mapema upande utakaotokea mto au maporomoko, kwa kuwa alizijua kona zote. Nimesomesha milima kwa ramani na chaki maisha yangu yote ya kazi, na nakiri kwa furaha kwamba asubuhi hiyo watoto walielewa maana ya mwinuko, bonde, ukungu na mvua ya milimani kwa namna ambayo ramani haiwezi. Visiwa vyetu havina kilima kinachofika hata mita 200. Mtoto wa Wete au wa Makunduchi anaposoma neno mlima katika kitabu, huliwazia kwa kukisia, na sioni njia rahisi zaidi ya kulijaza neno hilo kuliko dirisha la treni hii.

Ndiyo maana nasema saa ya kufika Mlimba ndiyo itakayoamua. Treni inayoondoka Dar es Salaam mchana hufika Mlimba usiku wa manane ikiwa imekwenda na wakati wake, na sehemu kubwa ya mlima hupandwa gizani. Msafiri aliyelala huamka Makambako, akaona nchi ya nyasi na upepo, akadhani ndiyo milima aliyoambiwa. Nawaomba wanaokwenda kwa ajili ya kuona waweke saa ya kuwaamsha alfajiri, wavae sweta na kukaa ukumbini, kwani hata nusu ya mwisho ya mlima inatosha kumfidia mtu usingizi wake.

Sweta nimelitaja kwa makusudi. Baada ya Makambako na tambarare za Usangu reli hupanda tena, na karibu na Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya, hufika kilele chake cha mita 1,789. Kati ya mwezi wa Juni na Agosti baridi ya huko usiku na alfajiri haifanani na kipupwe chetu hata kidogo, na blanketi moja la treni halimtoshi mtu aliyezoea joto la pwani. Mtoto avalishwe soksi na kofia. Mbeya yenyewe ni mji wa kupumzikia kwa mwenye nafasi, umezungukwa na milima, na mbatata na maharage yake ndiyo yale yale tunayoyanunua katika soko la Darajani, Unguja. Anayekosa siku za kutosha anaweza kushukia hapo na kurudi kwa basi, au kwa ndege kutoka uwanja wa Songwe, akiwa ameshaiona sehemu iliyo bora kuliko zote za njia hii.

Kuhusu ibada nimeulizwa zaidi kuliko chakula, kwa hiyo nitaeleza kwa kadiri ya nilivyoona. Safari ni ndefu kiasi cha kumpa msafiri ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya sala, na ruhusa hiyo humwondolea mtu dhiki nyingi. Maji ya kutawadhia ni bora mtu awe na dumu lake dogo, asiyategemee ya bombani peke yake. Chumba kikiwa ni chenu kizima, nafasi iliyo baina ya vitanda humtosha mtu mmoja kusali, na wengine wakasubiri zamu. Kibla kwa Dar es Salaam ni karibu kaskazini moja kwa moja. Ukifika Mbeya kimeelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki, na Kapiri Mposhi kimezidi kupinda. Mlimani treni hugeuka kila baada ya dakika chache, kwa hiyo ni vyema kusubiri kituo inaposimama muda mrefu, kama Mlimba, Makambako au Mbeya, na kusali treni ikiwa imetulia.

Behewa la chakula lina wali, ugali, kuku, nyama na samaki, na asubuhi kuna chai, mkate na mayai. Mhudumu hupita vyumbani kuchukua maagizo, na chakula huletwa kikiwa cha moto. Hakina viungo vya kwetu, na anayetarajia pilau la harusi atasikitika, lakini ni chakula safi cha kushibisha. Tulipovuka mpaka sisi tulibaki na samaki, mayai na maharage, kwa sababu upande ule hatukuwa na mtu wa kumwuliza kuhusu uchinjaji. Mke wangu alifunga mikate ya mofa, samaki wa kukaanga, tende na kashata, na vitu hivyo vilituongezea marafiki wengi njiani. Katika kila kituo wapo wanawake na watoto wenye sinia vichwani: ndizi, karanga, mahindi ya kuchemsha, miwa, na kwa upande wa Zambia, msimu ukifika, viwavi waliokaushwa ambao wenyeji huwapenda sana. Nunueni kwao. Kwa vijiji vingi vya njia hii siku ya treni ndiyo siku ya soko, na shilingi elfu chache za msafiri zina kazi kubwa pale.

Mpakani, Tunduma kwa upande wetu na Nakonde kwa upande wa Zambia, maofisa wa uhamiaji huja kwenye treni, na abiria hahitaji kubeba mizigo yake na kupanga foleni barabarani kama anayesafiri kwa basi. Mtanzania haombi viza ya Zambia kwa matembezi ya kawaida, lakini awe na pasipoti au hati ya safari iliyo hai, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisikose. Wabadilishaji fedha hupanda wakiwa na mabunda ya kwacha. Badilisha kiasi cha kukutosha chakula na usafiri wa mwanzo tu, na uhesabu mwenyewe kabla ya kutoa zako. Saa hurudi nyuma kwa saa moja, na hili huwachanganya watu wanaopanga kupokewa, kwa hiyo mkubaliane mapema mnazungumzia saa ya nchi gani.

Upande wa Zambia nitaupita kwa haraka kidogo, kwa sababu nchi ni ya uwanda wa juu wenye miti ya miombo, na macho yaliyoshiba milima huona mabadiliko machache. Daraja la Mto Chambeshi, baina ya Kasama na Mpika, linastahili kusubiriwa kwa historia yake: mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yalilivunja ili kuikata njia ya Zambia ya kufikia bahari, na anayelivuka leo anapita juu ya mahali palipolipiwa gharama ya ukombozi. Mwisho wa reli, New Kapiri Mposhi, si Lusaka. Ni mji mdogo wa njia panda, na stesheni hii iko mbali kidogo na ile ya reli ya zamani ya Zambia, kwa hiyo msafiri hana budi kutafuta basi la kwenda Lusaka, kiasi cha kilomita 200, au la kwenda Ndola na Kitwe. Ukifika usiku, kaa stesheni na wenzako mpaka kupambazuke.

Kasoro kubwa ya treni hii inajulikana na kila mtu, na si siri ya msafiri mmoja: ratiba yake haitegemeki. Upungufu wa vichwa vya treni na uchakavu wa njia umeisumbua reli kwa miaka mingi. Ilijengwa iweze kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka na haijawahi kukifikia kiwango hicho, na huduma ya abiria ya kuvuka mpaka imewahi kusitishwa kwa vipindi. Kwa hiyo asiondoke mtu Pemba kabla ya kupata uthibitisho kutoka stesheni ya Dar es Salaam, kwa simu au kwa kumtuma jamaa, kwamba treni ya juma lile ipo. Asifunge safari ya ndege siku ya kufika, na mwenye harusi, mgonjwa au kesi mahakamani achague usafiri mwingine. Chukua maji, tochi, karatasi za chooni na chakula cha akiba cha siku nzima zaidi ya unavyodhani utahitaji. Mwenye kujipanga hivyo hatapata dhiki, na kuchelewa kwenyewe mara nyingine humletea kheri, kwa kuwa treni inayochelewa saa tano au sita ndiyo inayoupanda mlima mchana.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, ili ikarabati reli na kuiendesha kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4 za Marekani. Habari nyingi zilizozungumzwa tangu hapo ni za shaba na makontena, na naelewa sababu yake, kwani mizigo ndiyo inayolipa. Lakini abiria wa Mlimba, ambako mvua za masika huharibu barabara, hana mbadala wenye uhakika kama treni, na mtoto wa visiwani hana darasa la milima lililo rahisi zaidi ya hili. Naomba kwa dhati treni ya abiria isigeuzwe kitu cha kungojea mizigo ipite.

Ombi langu la pili ni la ratiba. Treni ikiondoka Dar es Salaam saa moja usiku itafika Mlimba asubuhi na Makambako baada ya adhuhuri, na mlima wote utaonekana. Abiria wa boti anayefika Dar es Salaam mchana kutoka Unguja ataweza kuipanda siku hiyo hiyo, bila ya kulipia nyumba ya wageni. Wanyama wa Hifadhi ya Nyerere watapitwa gizani wakati wa kwenda, hilo nalikubali, lakini treni ya kurudi ikipangwa kupita Kisaki asubuhi, msafiri atawaona akiwa njiani kurudi pwani.